Pumzika, Nitakuita

"Kocha, ukuta wangu una nyayo!"

Matroni alikuwa amekatiza katikati ya uwanja bila kuangalia kulia wala kushoto, aproni yake ya kazi bado kiunoni, na wasichana waliokuwa wakimaliza mzunguko wao walilazimika kumkwepa ili wasimparamie. Hakujali. Alisimama mbele ya Kocha, akashika kiuno.

"Nyayo gani tena, Mama?"

"Nyayo za miguu, kwani za nini? Ukuta wa sebuleni kwangu, ambao mume wangu ameupaka rangi baada ya kusemwa mwaka mzima, leo una visigino kuanzia chini mpaka karibu na dirisha, utadhani kuna mtu alikuwa anatembea kwenda darini. Nani huyo? Cherehani wako."

Cherehani ni jina walilompa wenzake, kwa sababu akikimbia miguu ilikuwa inapanda na kushuka upesi upesi kama sindano ya fundi anayekimbizana na siku ya harusi. Jina lake la shuleni walimu wenyewe walikuwa wamelisahau.

Kocha aliitoa filimbi mdomoni, akaipangusa kwa shati. "Ananyanyua miguu tu, Mama. Damu inarudi mwilini. Kila mkimbiaji hufanya hivyo baada ya mazoezi."

"Mazoezi gani? Tangu amalize shule hajakimbia hata kumfukuza kuku! Nikimwambia lete maji, anabeba ndoo mbio kama nyumba inaungua, anaitua, halafu anajilaza chali, miguu ukutani, mpaka chai inapoa. Ndoo moja! Mume wangu anatoka lindoni asubuhi, macho yamemwiva kwa usingizi, anafungua mlango anakutana na nyayo mbili zinamtazama. Siku hizi anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe."

Wasichana wawili waliokuwa wanapita wakaangua kicheko. Kocha akapuliza filimbi, kicheko kikakatika na mwendo ukaongezeka.

"Mwambie," Matroni alisema, sasa kwa sauti ya chini, ile ambayo wasichana wa bweni waliiogopa kuliko ya juu. "Daktari alituita mimi na wewe pembeni. Alisema kisigino kile hakirudi kwenye mbio. Akasema mwambieni taratibu. Sasa taratibu gani hii? Hata kobe angekuwa ameshafika."

"Nitamwambia."

"Ulimwambia nini siku ile?"

Kocha aliitazama saa yake ya kupimia mbio, ingawa haikuwa inapima kitu. "Nilimwambia apumzike. Nikamwambia nitamwita."

"Na utamwita?"

"Mwache apumzike kwanza, Mama," Kocha alisema, akakimbilia upande wa pili wa uwanja kumrekebisha msichana ambaye hakuwa na kosa lolote.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Kocha, na Matroni alikuwa ameijua tangu alipoanza kazi katika bweni lile. Si mtu mbaya. Hapigi, hatukani, na msichana akiugua homa anakaa naye mpaka aamke. Lakini kumwangalia mkimbiaji usoni na kumwambia yamekwisha, hilo lilimshinda. Mguu ukivunjika, anasema pumzika, nitakuita. Kasi ikipungua, pumzika, nitakuita. Msichana amemaliza mitihani na hakuna timu yoyote iliyomtaka, pumzika, nitakuita. Nao, kwa kuwa wamefundishwa kumtii kuliko wazazi wao, wanakwenda kupumzika. Wanapumzika kwa bidii.

Mtaani kwa Matroni alikuwapo mmoja wa namna hiyo, kijana wa mbio fupi waliyemwita Breki kwa sababu akishavuka mstari alikuwa hawezi kusimama mpaka agonge ua wa uwanja. Nyama ya paja ilichanika, akaambiwa lile neno, na tangu hapo alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mama yake, mguu juu ya kiti cha plastiki, anasubiri. Fundi wa matairi alimtafutia kazi. Alikataa, eti kuchuchumaa kutaharibu paja na Kocha anaweza kuita wakati wowote. Sasa tumbo limetangulia mbele yake, na bado anasubiri.

Ungetaka kujua wanavyoharibika, ungeingia bwenini. Wakimbiaji hawakupanga foleni ya chakula, kwa sababu kusimama kunaua miguu. Hawakufua, maji ya baridi yanakaza misuli. Hawakupiga deki, kuinama kunaumiza mgongo. Yote hayo aliyafanya Matroni. Alipogonga kengele waliamka, alipozima taa walilala, na katikati ya hapo Kocha alipuliza filimbi. Msichana angeweza kumaliza miaka minne pale bila kuamua jambo lolote isipokuwa avae soksi ya kulia kwanza au ya kushoto, na hata soksi zenyewe Matroni alikuwa amezipanga.

Mara moja kwa mwaka alikuja mtu mwenye tai na kompyuta, akawasha picha ukutani, akawaeleza juu ya maisha baada ya michezo. "Jipangeni mapema," alisema. Wakapiga makofi vizuri sana. Matroni, aliyekuwa mlangoni na beseni la taulo, aliwauliza baadaye mgeni kasema nini. Mmoja akajibu, "Kasema tujipange." Kujipangaje? Wakatazamana. Walidhani ni kwenye mstari.

Matroni mwenyewe aliishia darasa la saba. Baba yao alikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja, na mwenye kichwa alikuwa dada yake mkubwa, kwa hiyo dada akaendelea na yeye akabaki kubeba wadogo mgongoni. Hakuwahi kununa kwa hilo, au alinuna na kumaliza. Alifagia madarasa, akapika jikoni mwa shule, akapewa bweni. Alichojua ni kwamba mtu haoti mikono siku anapoihitaji. Na huyu Cherehani, aliyekuja kwake kwa wiki moja tu kwa sababu kitanda chake cha bweni kilipewa mgeni na kwao mbali, alikuwa bado sebuleni. Hakutaka kwenda kwao. Alisema akiwa mbali, akiitwa atachelewa.

Kwa hiyo Matroni alimeza mate, akaenda kwa dada yake.

Dada alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma kabisa, karibu na tangi la maji. Ni chumba kikubwa chenye joto la kukutoa jasho ukiwa umesimama tu, mashine zinanguruma mpaka watu wamezoea kuzungumza kwa kupiga kelele hata wakiwa nyumbani. Mlango wa mashine ya mwisho haufungi mpaka uusukume kwa nyonga.

"Mdogo wangu," dada alisema, "tangu tuko watoto hujawahi kuniletea kitu kizima. Huyu naye ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Ana nguvu kama punda."

"Punda anasimama. Huyu anasimama?"

"Atasimama."

"Kazi yangu ni ya kusimama. Unasimama asubuhi, unasimama mchana, jioni unakwenda nyumbani kuloweka miguu. Nafasi ni moja na wanaoitaka wamenijaa mlangoni. Ninampa mpaka Ijumaa. Akifaa, anaajiriwa, anapata na chumba kule kwa wafanyakazi. Asipofaa, usije kunililia."

Matroni alirudi nyumbani anapiga mluzi. Kazi ya kudumu na chumba! Alimpigia Cherehani pasi gauni la kazi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo, kama mtu angekuwa karibu wa kumwambia, si njia ya kumfundisha mtu kazi.

Siku ya kwanza yenyewe, kabla ya saa sita, simu ililia.

"Njoo umchukue maiti wako!" dada alifoka.

Habari ilikuwa hivi. Cherehani alikabidhiwa toroli akusanye shuka chafu wodini. Akalisukuma kwa kasi ya fainali. Nesi mmoja alijibana ukutani na sinia lake la dawa, mzee wa magongo akaingizwa chooni bila kutaka. Kabla wenzake hawajafika wodi ya kwanza, yeye alikuwa amerudi, toroli limejaa, anahema, anatazama huku na huku kama mtu anayesubiri kuambiwa muda wake. Hakuna aliyemwambia. Basi akaenda kwenye korido, akajilaza sakafuni nyuma ya makapu, miguu ukutani, mikono kifuani, macho ameyafumba.

Mama mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa alipiga ukunga. Wahudumu wawili wakaja mbio na machela, wakamwinua mzobemzobe, wakakata naye kona kuelekea chumba cha dharura. Na Cherehani hakufumbua macho. Alidhani ni wale wa kukanda misuli. Alichosema, wakiwa njiani, ni, "Kidogo kushoto, hapo kwenye paja."

Hospitali nzima ilicheka mpaka jioni. Dada hakucheka.

Siku iliyofuata alimsimamisha mezani. Akasimama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akaketi juu ya kapu. Akaambiwa asimame, akasimama, akaketi tena. Siku ya tatu alitafuta ukuta mwingine, nyuma ya tangi, ambako hakuna wageni.

"Hebu niambie," Matroni alimwambia jioni ile, amesimama juu yake pale sebuleni. Cherehani alikuwa chali, miguu juu. Kuzungumza na mtu katika hali ile ni kama kubishana na meza iliyopinduliwa. "Niambie kwa nini. Ni mvivu?"

"Mimi si mvivu, Mama! Wewe unajua."

Na Matroni alijua. Huyu ndiye aliyekuwa anaamka kabla ya kengele na kumsubiri Kocha gizani. Hapo ndipo hasira ilipozidi kumpanda, maana mvivu angemfukuza tu, akalala usingizi wake.

"Sasa?"

"Kocha alisema nipumzike. Nikisimama siku nzima kwenye saruji ile, kisigino kitavimba. Halafu akiniita, nitakwenda na mguu gani?"

"Hatakuita."

Miguu ilitulia ukutani. "Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Daktari alisema. Hatakuita, mwanangu. Mbio zako zimekwisha."

Cherehani alimtazama kutoka chini, kwa upole, kama unavyomtazama bibi anayesema mvua haitanyesha kwa sababu goti lake haliumi.

"Wewe ni Matroni, Mama," alisema. "Wewe si Kocha."

Ilikuwa Jumatano. Mume wake, aliyekuwa anajiandaa kwenda lindoni, alitoa kichwa chumbani. "Si umwambie Kocha amwambie?"

"Aa! Kumbe! Sikuwahi kuwaza hilo!" Matroni alimjibu, na mlinzi akarudisha kichwa chake alikokitoa.

Alhamisi alimwinda Kocha. Alimtafuta uwanjani, akaambiwa yuko stoo. Stoo akaambiwa ametoka sasa hivi. Alimkuta nyuma ya choo cha walimu, anahesabu koni za mazoezi ambazo hazikuwa zimepotea.

"Kesho ni Ijumaa," Matroni alisema.

"Ninajua siku, Mama."

"Kesho jioni dada yangu anampa nafasi mtu mwingine. Msichana anakosa kazi, anakosa chumba, kwa sababu anautunza mguu wake kwa ajili yako. Una deni la sentensi moja tu, Kocha. Sikuombi ng'ombe. Nenda ukamlipe."

"Nikimwambia atalia."

"Na akilia? Machozi yake yana sumu?"

"Wewe huelewi, Mama." Kocha alipangusa paji la uso. "Unamwona mtoto, miaka minne anakuamini. Unamwambia kimbia, anakimbia. Unamwambia inua goti, anainua. Halafu wewe huyo huyo ukamwambie... Matumaini hayagharimu kitu. Mwache nayo."

"Hayagharimu kitu kwako! Mimi yananigharimu ukuta!"

Kocha alitazama koni zake. "Wiki ijayo," alisema. "Wiki ijayo nitapata muda mzuri."

Matroni alikuwa na maneno mengi, tena yameshapanga foleni kwenye ulimi, lakini aliona ni kupoteza mate. Aligeuka, akaondoka. Kocha alishusha pumzi, masikini, akidhani ameponyoka.

Ijumaa asubuhi kengele haikulia.

Jua lilipanda. Kocha alikuwa uwanjani peke yake, saa mkononi, filimbi mdomoni, anatazama njia ya bweni. Hakutokea hata mmoja. Alipuliza filimbi, ndege waliruka kutoka kwenye goli. Bwenini, wasichana wote walikuwa wamelala. Watatu wanne walikuwa macho kitambo, wametazama dari, wanajua wazi kwamba kumekucha, lakini kengele haijalia, kwa hiyo haikuwa asubuhi bado.

Kocha alifika mlangoni kwa Matroni anatweta. "Mama! Kengele! Kuna nini?"

Matroni alikuwa ameketi kitini, anakunywa chai. "Kengele imepumzika kwanza," alisema. "Nitaiita."

Kocha aliitia filimbi mfukoni.

"Lini?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Wiki ijayo nitapata muda mzuri."

Matroni alimalizia chai bila haraka, akaweka kikombe, akafunga kilemba.

"Kigonge mwenyewe kile chuma, nyundo iko dirishani. Halafu njoo na shati safi. Tunakwenda hospitali."

Njia ya kwenda hospitali ilipita mtaani kwa Matroni, na mtu asiseme kwamba alipanga, kwa sababu ndiyo njia pekee. Kocha alitembea nusu hatua nyuma yake, ameweka kitambaa cha mkononi kwenye mfuko wa shati, kimepigwa pasi na kukunjwa pembe nne. Kwa ajili ya machozi, alieleza. Matroni akasema afadhali kuna kitu amejiandaa nacho.

Breki aliwaona kabla wao hawajamwona. Kiti cha plastiki kilianguka. Alisimama, akavuta fulana ishuke juu ya tumbo, ikagoma, na uso wake wote ukafunguka.

"Kocha! Nilijua tu! Mama! Mama, viatu vyangu vya mbio viko wapi?"

"Viatu gani?" sauti ya mama yake ilijibu kutoka ndani. "Si nilishampa mjomba wako akafie navyo shambani?"

"Kocha, paja limepona kabisa," Breki alisema, akainua goti kumwonyesha, akayumba, akashika ukuta. "Nimepumzika kama ulivyosema. Sijachuchumaa hata mara moja. Ni lini?"

Kocha alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Alimtazama Breki, tumbo, goti, kiti kilichoanguka. Midomo yake ilianza kujipanga, na Matroni, aliyekuwa anaitazama midomo ile kama paka anavyotazama tundu la panya, alikohoa.

"Nitapita jioni," Kocha alisema. "Nitapita tuzungumze. Leo."

"Atapita," Matroni alimwambia Breki. "Nitamsindikiza mimi."

Walipokuwa wanavuka barabara karibu na geti la hospitali, Kocha alipunguza mwendo.

"Alikuwa mwembamba vile," alisema.

"Wote huwa wembamba," Matroni alisema. "Angalia gari."

Chumba cha kufulia kilikuwa kimepamba moto. Dada aliwaona mlangoni, akaonyesha kwa kidevu, wala hakusalimia. Ijumaa ndiyo siku wodi zote hubadilisha shuka. Cherehani alikuwa kwenye meza ndefu, ameegemea mguu mmoja, na mlima wa shuka zilizotoka kwenye joto ulikuwa mbele yake. Mwenzake wa kukunja alikuwa ameitwa kwenye mashine ya nyonga.

Alipomwona Kocha alinyooka wima, mabega nyuma, kidevu juu. Miaka minne ya mazoezi ilisimama pale katika gauni la dobi. Matroni aliyaona macho yake. Akataka kumshika Kocha shati amrudishe nje, amwambie basi, tuache, wiki ijayo. Alikasirika na nafsi yake kwa hilo pia.

"Kocha! Umekuja!"

"Nimekuja," Kocha alisema.

"Shikamoo. Nilimwambia Mama utakuja. Mguu uko vizuri, sijausimamia sana."

"Marahaba. Naona una kazi."

"Kazi haiishi hii! Na hakuna wa kunishikia." Alikuwa tayari ameokota shuka, akamtupia pembe mbili. "Shika hapo, Kocha, tuzungumze huku tunakunja, huyu mama hapendi mtu asimame bure."

Kukunja shuka la hospitali kunataka watu wawili. Mnasimama mbali, kila mmoja na pembe zake, mnavuta mpaka linanyooka kama ubao. Mnakunja kwa urefu. Kisha mnasogeleana, mmoja anampa mwingine pembe, na hapo mnakutana uso kwa uso, karibu kiasi cha kuhesabiana kope. Halafu mnaachana tena.

Shuka la kwanza walivuta, wakakunja, wakasogeleana. Kocha alimpa pembe, akafungua mdomo.

"Joto sana humu," alisema.

Matroni, aliyekuwa ameegemea kapu, alifumba macho kwa uchungu.

Shuka la pili. Wakavuta, wakakunja, wakasogeleana.

"Chakula wanawapa?"

"Wanatupa," Cherehani alisema. Alikuwa anamwangalia sasa kwa mashaka kidogo. Si mjinga yule. Alichukua shuka la tatu, akalitikisa lilie, akampa upande wake. Wakavuta. Wakakunja. Kocha alikuja kutoka ule upande wa meza kwa hatua fupi, kama anapelekwa na polisi, akafika, akamwekea pembe mkononi, na hakuiachia.

"Sitakuita," alisema.

Mashine zilikuwa zinanguruma. Cherehani alisogeza sikio, kisha akalirudisha, kwa sababu alikuwa amesikia.

"Kisigino hakiponi kwa mbio," Kocha aliendelea, maneno yanadondoka kama koni zilizomtoka mkononi. "Kutembea, ndiyo. Kusimama, daktari alisema ndiyo, kwa viatu vizuri. Mbio, hapana. Hakuna mashindano ninayokuwekea nafasi. Hakuna. Ulikimbia vizuri kuliko wote niliowafundisha, na umemaliza."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya daktari."

"Siku ile." Cherehani alilitazama shuka lililokuwa kati yao. "Ndiyo siku uliyoniambia nipumzike."

"Ndiyo."

"Mimi nimelala chali miezi yote hii. Nimebebwa kwa machela hapa, watu wakanicheka. Mama huyu amekuwa ananisema kila jioni, na mimi namwona hajui kitu."

"Ndiyo."

Kocha alikuwa ameshatoa kile kitambaa, amekishika tayari. Cherehani alikichukua, akakitazama mbele na nyuma.

"Hiki nacho kinafuliwa?" aliuliza, akakitupa kwenye kapu la nguo chafu. Kisha akamnyang'anya pembe za shuka, akamalizia kukunja mwenyewe, akalipiga kofi moja kubwa juu ya meza ambalo kila mtu pale alielewa lilikuwa la nani.

Matroni alingoja alie. Kocha alingoja alie. Hata dada alikuwa amegeuka. Cherehani aliokota shuka jingine.

"Shika," alimwambia Kocha.

"Mimi?"

"Kwani nazungumza na nani? Shika. Mwenzangu hajarudi."

Basi wakakunja. Kila waliposogeleana alimtazama machoni bila kupepesa, na Kocha, ambaye kwa miaka yote alikuwa amejenga maisha yake ili asitazamwe hivyo, alitazamwa shuka baada ya shuka, jasho linamtiririka, shati safi limegeuka tambara. Mara mbili alijaribu kusema kitu. Mara mbili aliambiwa, "Vuta." Macho ya Cherehani yalikuwa mekundu, lakini mikono ilikwenda, na alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, visigino chini, kwenye saruji.

Mlima ulipopungua mpaka meza ikaonekana, aligeuka.

"Mama Msimamizi," aliita juu ya kelele za mashine, "kuna viatu vya kusimama siku nzima? Vile vya mpira?"

Dada alimtazama miguuni, akapandisha macho taratibu mpaka usoni. "Namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Mguu kama mtumbwi," dada alisema. "Jumatatu vitakuwapo. Saa moja kamili, na ukilala kwenye korido yangu tena nitakufua pamoja na mablanketi."

Matroni alianza kusema asante, dada akamkatisha kwa mkono, kwa kuwa hawakulelewa katika kushukuriana. Ilibaki shuka moja. Cherehani na Kocha walilivuta, wakalikunja, wakakutana. Kocha alikabidhi pembe zake, akabaki amesimama, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Basi, Kocha," Cherehani alisema. "Nenda. Hatudaiani."

Kocha aliinamisha kichwa, akaelekea mlangoni. Matroni alimfuata, lakini kwanza alipita mezani, akazitazama zile shuka alizokunja mwanamume, kila pembe imekwenda njia yake, akasonya kwa nguvu, akavuta ya juu kabisa na kuanza kuikunja upya.

"Iache, Mama," Cherehani alisema, akaichukua mikononi mwake. "Hiyo ni kazi yangu."